Filta ya bwawa la nyumbani: mchanga mpya, glasi, zeolaiti au katriji?

Mkazi_Langata

Wadau, naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoijua kazi hii. Bwawa ni la mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, yaani lita 50,000. Filta ni tangi la kipenyo cha milimita 600, valvu ya njia sita iko juu, pampu ni ya nguvu farasi 1. Mchanga una miaka sita. Presha inapanda haraka baada ya bakwashi (kuosha filta kwa kugeuza mkondo wa maji) na maji hayang'ai. Maji ya mfereji huja kwa zamu, yanayopungua tunaagiza bauza. Nimetajiwa chaguo nne: mchanga mpya wa silika, punje za glasi, zeolaiti (punje za madini yenye vitundu vidogo), au kung'oa tangi na kuweka katriji, yaani filta ya kitambaa chenye mikunjo. Ipi inafaa?

FundiWaMaji

Karibu, ndugu. Kabla hujanunua chochote, fungua tangi uangalie. Miaka sita peke yake si sababu ya kutupa mchanga, maana punje za silika hazichakai upesi hivyo. Chota mchanga kutoka sentimita 15 chini ya uso, uufinye kiganjani. Ukimwagika punje moja moja, ni mzima. Ukiteleza na kushikana, una mafuta ya ngozi na losheni. Ukitoka mabonge magumu, hiyo ni chokaa.

Watu husingizia maji ya kisima kwa chokaa, lakini maji ya visima vingi vya Nairobi yana sodiamu na bikaboneti kuliko kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu inaingia na dawa: klorini ya chengachenga ya asilimia 65 hadi 70 ni haipokloraiti ya kalsiamu. Bikaboneti ikipandisha pH kupita 7.8, kalsiamu hiyo inagandia kwenye filta. Usiporekebisha pH, hata glasi ya bei ghali itaganda.

Geji nayo inasema. Presha ikiwa juu mara tu baada ya bakwashi, mchanga umeshikana. Presha ikiwa ya kawaida lakini maji yana ukungu, huenda maji yamejichimbia mkondo ndani ya mchanga, au gasketi ya nyota ndani ya valvu imekatika na maji yanarudi bwawani bila kuchujwa. Ukiona mchanga sakafuni chini ya matundu ya kurudishia maji, laterali (mojawapo ya vijipaipu vyenye nyufa vilivyo chini ya mchanga) imevunjika. Gasketi na laterali hazitibiwi kwa kubadilisha mchanga.

DawaNaPampu

Fundi amesema kweli, ila swali la kwanza kwangu ni pampu. Chochote utakachoweka ndani kinasafishika tu kikiinuliwa na maji ya bakwashi, na kasi inayohitajika ni kama mita 40 hadi 50 kwa saa. Tangi la milimita 600 lina eneo la mita za mraba 0.28, kwa hiyo unahitaji mita za ujazo 11 hadi 14 kwa saa. Pima hivi: elekeza mpira wa bakwashi kwenye pipa la lita 200. Lijae ndani ya sekunde 50 hadi 65. Likichukua dakika moja na nusu, mchanga haunyanyuki, uchafu unabaki chini, na ndiyo maana presha inarudi juu siku ya pili.

Sababu za kawaida za udhaifu huo ni basketi la pampu kujaa (maua ya jakaranda kuanzia Septemba hulijaza kwa siku moja), pampu kuvuta hewa kwenye o-ringi ya kifuniko, au mpira wa kutolea maji kuwa mwembamba.

Sasa ulinganisho wenyewe. Silika ya punje za milimita 0.45 hadi 0.55 hukamata chembe za maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 20 hadi 40. Tangi lako litachukua takriban kilo 150. Usikubali kuuziwa mchanga wa ujenzi wa Machakos ati ni uleule: una udongo na punje za kila ukubwa, ndogo zinapenya laterali na zilizobaki zinashikana.

Glasi ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20, kwa hiyo kilo 120 hadi 130. Haishiki mafuta sana, husafishika haraka, hata kwa sekunde kadhaa pungufu kuliko silika. Lakini iwe imetengenezwa kwa ajili ya filta, kingo zimelainishwa. Chupa zilizopondwa kienyeji hukata mikono na laterali.

Zeolaiti inachuja laini zaidi, wauzaji hutaja maikroni 5, na ina uzito wa kama asilimia 55 ya mchanga. Hukamata pia amonia. Ila ina vumbi jingi mwanzoni, na kwa kuwa ni nyepesi, pampu kubwa kupita kiasi huimwaga nje wakati wa bakwashi.

Bustani_Karen

Hamjamjibu kuhusu maji, na yeye ananunua bauza. Kwa hesabu ya DawaNaPampu mwenyewe, bakwashi ya dakika tatu ni lita 570 au zaidi, ukiongeza dakika moja ya RINSE (kusuuza baada ya bakwashi) zinafika 760. Mara moja kwa wiki ni lita 3,000 kwa mwezi. Katriji inaoshwa kwa mpira wa bustani na hukamata maikroni 10 hadi 15. Mahali pa maji ya zamu, mimi ningeanzia hapo.

FundiWaMaji

Kwa maji, dada, katriji inashinda, sibishani. Lakini mvua za Machi hadi Mei zikishusha udongo mwekundu bwawani, ule ufinyanzi unaziba mikunjo ya kitambaa na utaifungua filta kila baada ya siku mbili. Ukishautuliza udongo kwa shabu, unapaswa kuuvuta kwa vakyumu hadi nje moja kwa moja. Valvu ya njia sita ina nafasi ya WASTE (maji yanatoka nje bila kupita filta) kwa kazi hiyo, lakini filta nyingi za katriji hazina, labda uongezewe paipu ya pembeni. Na anayeiosha ajue mpangilio: sabuni ya kuondoa mafuta kwanza, asidi baadaye. Ukianza na asidi, mafuta yanagandia kitambaani moja kwa moja. Mashine ya presha inapasua nyuzi.

Kupunguza maji kwenye filta ya mchanga kunawezekana. Acha kuosha kwa kalenda. Andika presha ya filta safi kwa kalamu kwenye geji, osha ikipanda kwa bari 0.5 hivi. Mchanga wenye uchafu kidogo huchuja vizuri kuliko uliooshwa jana.

Mkazi_Langata

Nimepima. Pipa limejaa kwa sekunde 58, na mchanga umetoka mabonge magumu. Kuna anayesema niuloweke kwa asidi.

DawaNaPampu

Basi pampu ni nzima, mchanga ndio umekwisha. Mabonge madogo huyeyuka kwa asidi, magumu hayafai gharama. Ukijaribu, suuza kwanza klorini yote itoke. Asidi ikikutana na haipokloraiti inatoa gesi ya klorini, na chumba cha pampu huwa hakina hewa.

Kwa kubadilisha: zima umeme kwenye swichi kuu, funga valvu za bwawa, toa maji kupitia kizibo cha chini. Fungua klampu, ng'oa valvu, ziba mdomo wa paipu ya kati kwa utepe ili mchanga usiingie. Chota kwa kopo, usitumie sepetu, laterali huvunjika kwa kugongwa tu. Kagua kila moja. Kisha jaza maji hadi nusu ya tangi ndipo umimine mchanga polepole, maji yapokee uzito. Vaa barakoa, vumbi la silika linaharibu mapafu. Usipite alama ya mtengenezaji. Nafasi tupu ya juu ndiyo mchanga unapopandia wakati wa bakwashi. O-ringi ipake grisi ya silikoni, mafuta ya petroli huvimbisha raba. Anza na BACKWASH dakika tatu, RINSE moja, kisha FILTER. Pampu izimwe kila unapogeuza mkono wa valvu.

Mkazi_Langata

Nikiweka nusu mchanga chini, glasi juu?

FundiWaMaji

Hapana. Uzito wao unatofautiana, kwa hiyo bakwashi ya kasi moja itainua kimoja kupita kiasi na kingine kidogo, na baada ya muda vitachanganyika. Kinachokubalika chini ni kokoto za milimita 3 hadi 5, au glasi nene, zifunike laterali tu. Juu yake weka aina moja. Kwa maji yako ningechagua glasi, halafu maji ya bakwashi yaende kwenye tangi la pembeni, yakae juani siku mbili klorini ipungue, ndipo umwagilie nyasi.

Bustani_Karen

Akiamua zeolaiti, maji ya chumvi ya kuihuisha (kuitoa amonia iliyoishika), kilo 10 kwa lita 100, yasifike kwenye nyasi hizo. Yataziunguza.