Naombeni msaada wakuu: amonia ya 0.10 M, mbona OH⁻ si 0.10?

PCB_Sita
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko kidato cha sita. Swali linataka ukolezi wa OH⁻ (ayoni za haidroksaidi) kwenye amonia ya 0.10 M (moli kwa lita), Kb, yaani namba ya nguvu ya besi, ni 1.8 × 10⁻⁵. Niliandika 0.10 M, nikapata pH 13. Majibu nyuma ya kitabu yanasema 11.13. Nimerudia mara nne, usingizi umeniruka. Nakosea wapi?

Mzee wa Maabara
Marahaba. Umeichukulia amonia kama sodiamu haidroksaidi. Ile ikiingia kwenye maji inaachana yote. Amonia haina OH⁻ yake. Inayapokonya maji ayoni ya hidrojeni, na molekuli zinazofanikiwa ni chache:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Iliyogeuka iite x. Basi NH₄⁺ ni x, OH⁻ ni x, amonia iliyobaki ni 0.10 − x.

Kb = x² ÷ (0.10 − x)

x ni ndogo sana mbele ya 0.10, kwa hiyo chini bakiza 0.10 tu. x² = 1.8 × 10⁻⁶, kipeuo cha pili 1.34 × 10⁻³ M. Hiyo ndiyo OH⁻ yako. Katika kila molekuli 1,000 za amonia, zimegeuka kama 13 tu.

Dada Kemia
Mdogo wangu, angalia na hapa, wengi wanaangukia hapa: ukipiga logi ya hiyo OH⁻ na kugeuza alama unapata 2.87, mtu anaandika pH 2.87. Hiyo ni pOH, kipimo cha OH⁻! Itoe kwenye 14, upate 11.13. Amonia inageuza litmasi nyekundu kuwa bluu, kwa hiyo pH yoyote chini ya 7 ikushtue.

PCB_Sita
Asanteni sana! Ila maji mbona hayamo kwenye Kb? Na wakinipa 0.0010 M, nifanye vilevile?

Mzee wa Maabara
Maji ni kama moli 55 kwa lita, kinachotumika hakionekani, ndiyo maana yameshaingizwa ndani ya Kb.

Kwa 0.0010 M usifanye vilevile. Njia ya mkato inatoa 1.34 × 10⁻⁴, yaani 13% ya amonia yote. Ikizidi 5%, x huwezi kuipuuza. Tumia kwadratiki:

x² + 1.8 × 10⁻⁵x − 1.8 × 10⁻⁸ = 0

Na hicho kipimo cha 5% kiandike kwenye karatasi, msahihishaji akione.

PCB_Sita
Nimepata 1.25 × 10⁻⁴ M, pOH 3.90, pH 10.10?

Dada Kemia
Ndiyo hiyo hiyo. Kalale sasa.