Sava inadai nenosiri kabla ya kuwaka, betri nimetoa bado imenigomea

Msafiri_Likoni: Salaam aleikum wakuu. Nina Dell PowerEdge R720 hapa ofisini, Shimanzi. Nikiiwasha inadai nenosiri hata Windows haijaanza. Aliyeliweka ameacha kazi na simu hashiki. Nimetoa betri ya CR2032 dakika kumi, nikairudisha, bado inadai. Niiache nje usiku kucha? Kesho saa mbili watu wa hesabu wanaingia.

Fundi_Bondeni: Betri iache humo humo, yakhe. Kazi yake hapo ni saa na tarehe. Nenosiri limekaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme, utalikuta hata baada ya wiki.

Unachotafuta ni jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ya PWRD_EN, yaani ya nenosiri, kwenye ubao mama. Zima, chomoa nyaya zote za umeme (mara nyingi ni mbili), bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 kumaliza chaji iliyobaki. Fungua kifuniko, mchoro wa ubao umebandikwa kwa ndani. Jampa utaikuta pini 2-4, ihamishie 4-6. Funga, washa, uiache mpaka imalize kuwaka, kwani nenosiri halifutiki mpaka mashine iwake katika hali hiyo. Kisha zima, chomoa tena, irudishe 2-4, ndipo uweke jipya. Ukiweka jipya jampa ingali 4-6, litafutwa ikiwaka mara inayofuata.

MzeeWaMakupa: Kijana, mwenye mali anajua? Pata ruhusa kwa maandishi kwanza. Sava hiyo huweka kumbukumbu kifuniko kikifunguliwa, hata ikiwa imezimwa.

BintiKisauni: Kabla ya bisibisi, kuna nenosiri la kuingilia mipangilio ya F2? Likiwepo na mtu analijua, liandike hapo hapo kwenye swali la kuwashia, Dell hulikubali badala ya lile. Uandike kwa herufi ndogo, kizazi hiki hakipokei kubwa. Ukikosea mara tatu mashine husimama, uizime kwa kitufe.

Pia hujasema: diski zimefungwa kwa BitLocker, ile ya Windows ya kufunga data kwa ufunguo?

Msafiri_Likoni: La F2 pia hatulijui. Bosi anajua, ndiye aliyenituma. Nimeona jampa nyingine jirani, NVRM_CLR. Nadhani nihamishe zote mbili nimalize mara moja.

BintiKisauni: Swali la BitLocker hujalijibu.

Msafiri_Likoni: Ndiyo, imefungwa, ya C: na ya D:. Ufunguo wa kurejesha alikuwa nao yule yule. Lakini NVRM_CLR si inasafisha BIOS tu, yaani mipangilio ya kuwashia? Diski sizigusi kabisa.

BintiKisauni: Hilo ndilo ulilotakiwa kuanza nalo, kaka. NVRM_CLR inarudisha mipangilio yote ya kiwandani. TPM, chipu inayotunza ufunguo wa BitLocker, inarudi kuzimwa, na kama Windows iliwekwa kwa UEFI, njia mpya ya kuwasha, mashine itarudi hali ya zamani ya BIOS isiione. TPM ikizimwa, BitLocker itakudai ufunguo wa tarakimu 48 ambao huna. PWRD_EN peke yake haigusi hayo. Gusa hiyo moja tu.

Msafiri_Likoni: Lakini nilisoma mahali kwamba lazima zote. Swichi ya 5 na ya 6 nimeshazigeuza mchana na hakuna kilichoharibika.

Fundi_Bondeni: Swichi zipi? R720 haina swichi hizo, ina jampa. Swichi za S5 na S6 ni za HP ProLiant. Ama hadithi hii umeitunga, ama mashine uliyoifungua si hiyo unayotueleza. Sijibu zaidi mpaka useme kweli.

MzeeWaMakupa: Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Sava ya watu si kitu cha kubahatisha.

Msafiri_Likoni: Wallahi sikutunga. Zimo mbili kwenye kabati, zimepandana. Mchana nilifungua ya chini nikidhani ndiyo, ni HP ProLiant DL380. Nikageuza hizo mbili, nikaona kumbe siyo, nikafunga. Sikusema kwa sababu ile haina tatizo. Imezimwa tangu hapo.

Fundi_Bondeni: USIIWASHE. S6 ikiwa On, ikiwaka tu inafuta mipangilio yake yote. S5 inaondoa ulinzi wa nenosiri la kuwashia. Chomoa nyaya zake, fungua, zote mbili zirudi Off. Ndipo uguse Dell.

BintiKisauni: Na ukifika kwenye pini, tazama kutu. Hewa ya bahari hula shaba, na jampa isiyogusa sawasawa utadhani haifanyi kazi. Ivute na kuisukuma mara mbili tatu.

Msafiri_Likoni: Nimerudisha zote Off, DL380 imewaka salama na mipangilio yake ipo. Dell nimeweka 4-6. Pini moja ilikuwa na ukijani, nimeisugua. Imewaka bila kuuliza kitu, Windows imefunguka.

BintiKisauni: Sasa hivi, kabla ya kuzima, fungua Command Prompt kama msimamizi: `manage-bde -protectors -get C:` kisha badilisha iwe D:. Nakili tarakimu 48 za kila diski kwenye karatasi, bosi aifungie kwenye sefu.

Msafiri_Likoni: Zote mbili zimetoka, nimenakili. Nenosiri jipya nimeshaweka pia.

Fundi_Bondeni: Jampa iko wapi?

Msafiri_Likoni: Bado 4-6.

Fundi_Bondeni: Basi hilo jipya halitabaki. Zima, chomoa, irudishe 2-4, uliweke upya.