Mfungaji wetu leo anawaka, kesho anazima. Tufanyeje kabla ya mechi ya tatu?

Mleta uzi:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaoujua mpira wa kikapu kwa undani. Mimi ni kocha msaidizi wa timu moja hapa Dar es Salaam. Tupo nusu fainali, anayeshinda mechi mbili kati ya tatu anapita, na sasa tuko moja moja. Tuna gadi, yaani mchezaji wa nje anayeongoza mpira, ambaye ndiye tegemeo letu. Mechi ya kwanza alifunga pointi 24, ya pili pointi 6, na nne kati ya hizo ni za mitupo huru.

Mashabiki wanasema kijana ana woga. Mimi huo woga siuoni. Ninachokiona ni kwamba kila anapowekewa skrini, yaani mwenzake anaposimama kumzuia mlinzi wake, wapinzani wanamrukia wawili kwa pamoja. Anarudi nyuma karibu na mstari wa kati, anatoa pasi ya kujiokoa, na mpira ukimrudia, saa ya sekunde 24 za kurusha imebakiza tano au sita. Wenzake wanne wamesimama wanamtazama. Anarusha kwa kulazimisha.

Kocha mkuu anataka kumwanzishia benchi. Mechi ni Jumamosi. Nisaidieni.

Gadi Mstaafu:
Mkuu, kwa maelezo yako tatizo ni hao wanne waliosimama. Golden State ya NBA, ligi ya Marekani, wamelikuta hili miaka mingi. Stephen Curry akijiwa na wawili, hang'ang'anii mpira, anampa mapema Draymond Green aliyetoka kuweka skrini na kukimbilia katikati, usawa wa mstari wa mitupo huru. Green akigeuka tu, wako wanne kwa walinzi watatu. Mlinzi akimfuata yeye, mpira unakwenda kwa mrefu aliye chini ya kikapu au kwa mrushaji wa pointi tatu kwenye kona.

Mrefu wenu anaweza kupokea pale katikati na kupasi bila kudunda dunda? Kama hawezi, skrini iwekwe na anayeweza, hata akiwa mfupi.

Zoni Mbili Tatu:
Naunga mkono. Hata LeBron James yalimkuta akiwa Miami. Msimu wa 2010/11 alikuwa na wastani wa pointi 26.7, fainali dhidi ya Dallas akashuka hadi 17.8. Mechi ya nne alifunga 8 tu na Miami wakalala 86-83. Dallas walichanganya zoni, yaani kila mlinzi kulinda eneo lake, na ukabaji wa mtu kwa mtu, nyuma kasimama Tyson Chandler, LeBron akaishia kuzunguka nje. Kiangazi kile akaenda kwa Hakeem Olajuwon kujifunza kucheza akiwa amekipa kikapu mgongo. Mwaka 2012 Miami wakawafunga Oklahoma City 4-1 na yeye akawa mchezaji bora wa fainali.

Kijana wenu naye aanze mechi akiupokea mpira karibu na kikapu. Huko hakuna skrini ya kuwapa wapinzani nafasi ya kumrukia.

Dada Rebaundi:
Nyote mnazungumzia ofensi, yaani kushambulia. Niulize: gadi hatari wa wapinzani anakabwa na nani? Kama ni huyo huyo mfungaji, robo ya nne miguu imekwisha. Tazama mitupo yake. Ikigonga ringi ya mbele mfululizo, huyo amechoka.

Mleta uzi:
Dada, ndiye anayemkaba, tena dakika zote. Na kweli mitupo ya mwisho ilikuwa mifupi. Kazi hiyo nitaomba apewe mwingine. Mrefu wetu pasi zake si za kutegemea, ila tuna fowadi mmoja mtulivu sana. Na suala la benchi?

Gadi Mstaafu:
Aanze. Ila kocha mkuu ana hoja, msimwache arushe hadi mwisho hata mkono ukikataa. Fainali ya NBA ya 1994, John Starks wa New York alifunga pointi 27 mechi ya sita. Mechi ya saba akaingiza mitupo 2 kati ya 18, ya pointi tatu alikosa yote 11, na Houston wakatwaa ubingwa kwa 90-84. Amueni mapema nani atabeba ufungaji siku hiyo ikigoma, na kijana aambiwe kabla ya mechi, asije akashtukizwa.

Mazoezini huyo fowadi aweke skrini, walinzi wawili wamrukie gadi, mpira utoke kabla hajadunda mara ya pili. Waliobaki ni marufuku kusimama, mmoja akate chini ya kikapu, wawili wakimbilie kona. Rudieni hadi pasi itoke bila kufikiriwa.