Ushauri wenu wakuu: albamu moja ya jazz ya piano tupu

Mwana_Uyole: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Shemeji anarudi kutoka Ujerumani wiki ijayo, amekubali kuniletea albamu moja. Nataka piano peke yake, bila ngoma wala besi. Nimebaki na tatu: The Köln Concert ya Keith Jarrett, Solo Monk ya Thelonious Monk na African Piano ya Dollar Brand. Nichukue ipi?

Kihesa Juu: Santuri au CD? Na unataka kusikiliza tu au kujifunza?

Mwana_Uyole: Santuri. Napiga kinanda kwaya ya kanisani, kwa hiyo na kujifunza pia.

Kihesa Juu: Basi Jarrett. Januari 24, 1975, pale jumba la opera Köln, alikuta piano ndogo mbovu: besi hafifu, noti za juu kali, pedali hazifanyi kazi sawasawa. Na mgongo ulikuwa unamuuma. Akabaki katikati ya kibodi, mkono wa kushoto ukarudia mdundo uleule, akatunga palepale zaidi ya saa nzima. Sisi tunaopigia vinanda vibovu tuna mengi ya kuchota pale.

Dada wa Tukuyu: Anaguna mno huyo, kila ukitulia unamsikia. Chukua Monk kaka, ya 1965. Vipande vifupi, na unasikia hadi noti aliyoamua kuiacha.

Mwanjelwa Kwetu: Jazz ni Morogoro Jazz. Mbaraka Mwinshehe mnamweka wapi?

Kihesa Juu: Mzee, lile ni dansi, tena Mbaraka ni gitaa. Kaulizia piano.

Mwanjelwa Kwetu: Kwa hiyo NUTA Jazz nao hawakujua wanajiita nini? Acheni dharau kwa wazee.

Makambako: Kabla ya yote, isafiri vipi kutoka Dar? Mimi niliagiza santuri, ikapakiwa kwenye basi. Konda akaisukumia chini kabisa ya buti, upande wa injini, juu yake magunia. Kuifungua, imepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa. Sindano inapanda, inashuka, piano inayumba kama mlevi. Nikaiweka katikati ya vioo viwili na vitabu juu, haikunyooka. Ofisini kwao wakasema mzigo ulifika mzima, kwa kuwa boksi halikuchanika! Hela yangu sikuiona tena. Shemeji aipakate mwenyewe.

Dada wa Tukuyu: Pole sana kaka.

Mchungaji wa Njombe: Mpiga kinanda wa kwaya, mimi nakwambia Dollar Brand, ndiye Abdullah Ibrahim wa Cape Town. Bibi yake alikuwa mpiga piano kanisani, na nyimbo za ibada hazijamtoka mikononi. Hiyo alirekodi Copenhagen mwaka 1969. Vidole vyako vitamwelewa haraka kuliko hao wawili.

Kihesa Juu: Heshima kwako mchungaji, ila kwa Jarrett sibanduki.

Makambako: Mwana_Uyole hajasema sindano yake ikoje. Ikiwa imeisha, itakwangua yoyote utakayoletewa.

Mwana_Uyole: Mashine ni ya marehemu baba, sindano ileile ya zamani. Kwa Mbeya hii nani anauza?

Mwanjelwa Kwetu: Piga picha kichwa chake tuone aina. Na uje na Mbaraka tuijaribie.