Baragumu la Kivikingi: nimekata ncha ya pembe, sauti haitoki

kijana_wa_jukwaa:

Wakuu, habari zenu. Nina pembe ya ng'ombe dume, sentimita 46 ukiipima kwa nje kufuata mpindo. Nataka iwe baragumu la Kivikingi, yaani la wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, kwa ajili ya igizo letu. Kuna onyesho ambapo mlinzi anaona mashua zinakuja, anawaita wenzake. Sitaki sauti ya kurekodi. Nataka mlinzi apulize mwenyewe, watu waisikie kifuani.

Mfupa wa ndani nilishautoa kwa kuchemsha. Jana nikakata ncha kwa msumeno wa chuma, kipande cha kama sentimita 6. Tundu lililobaki ni pana, kidole changu cha mwisho kinaingia, tena limekaa kama yai. Nikipuliza unatoka upepo mtupu, na nimepuliza mpaka mashavu yanauma. Je, nimeshaiharibu?

La pili, nataka kuchonga neno PEMBE kwa runi, zile herufi za kale za kaskazini mwa Ulaya, karibu na mdomo mpana, pamoja na mnyama ambaye mwili wake umesukwa kama ukili. Nichonge kwa kina gani?

fundi_wa_msasa:

Hujaiharibu. Kile kipande cha ncha kipo, au umekitupa? Kama kipo kihifadhi vizuri, maana ndicho dawa yako.

Pembe ina uwazi upande wa kichwani, lakini kuelekea nchani ni ngumu tupu. Kwenye baragumu hiyo sehemu ngumu ina thamani kuliko zote, kwa sababu ndimo kinamochongwa kikombe cha kuwekea midomo. Ndiyo maana kabla ya kukata mtu huingiza waya laini kutoka upande mpana mpaka ugote, kisha huutoa akaulaza kwa nje kufuata mpindo, akatia alama pale uwazi unapoishia. Msumeno unapita upande wa ncha wa ile alama. Wewe umepita upande wa pili, ukaingia kwenye uwazi. Na tundu pana namna hiyo haliwezi kuishika midomo. Kinacholia ni midomo inayotetemeka, pembe inaikuza tu sauti. Kwa hiyo usiyatese mashavu.

Sasa kigeuze kile kipande. Upande mnene ulipokata ndio utakuwa kikombe, na upande mwembamba ndio utaingia kwenye pembe. Kishimo kilichobaki katika upande huo mnene ni mwanzo wa kikombe chako. Kata kwanza sentimita 2 za mwisho zilizochongoka, maana hapo ndipo mpindo ulipo mkali na keekee ingetokea ubavuni. Panua kikombe mpaka milimita 16 au 17, kama cha tarumbeta, kikishuka chini kama faneli. Halafu toboa katikati: anza na biti ya milimita 3, malizia na ya 5. Kwenda polepole hapa ni lazima. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, simama, pembe imepata moto. Ukingo wa kikombe uusugue kwa msasa mpaka usiwe na hata chembe ya ukali, kwa kuwa midomo inahisi kila kitu.

Lile tundu lenye umbo la yai lifanye duara kwa tupa ya mviringo. Upande mwembamba wa kipande uupunguze kidogokidogo, ujaribu, uupunguze tena, mpaka uingie kama sentimita moja na nusu kwa kubana. Uzungushie uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki, uusukume ndani. Pumzi ikivuja hapo, hata kidogo, sauti inakufa.

Kuhusu kina cha kuchonga, nakuomba sana upime unene wa ganda kabla ya kushika kisu. Karibu na mdomo mpana ganda huwa jembamba. Pembe yangu ya kwanza niliisugua kwa msasa namba 80, ule wenye chembe kubwa, kwa furaha kubwa, nikaona inaanza kupitisha mwanga, ikanipendeza. Kisha nikachonga mstari palepale penye mwanga, kisu kikatokea upande wa pili. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Tangu siku hiyo naishikilia pembe mbele ya taa kila baada ya muda, na sichongi zaidi ya nusu milimita. Inatosha kabisa, maana kinachoonekana ni rangi iliyomo ndani ya mstari: masizi yaliyochanganywa na nta, unayapaka, unafuta juu, yanabaki ndani ya mstari tu.

Vaa barakoa. Vumbi la pembe ni laini sana na linadhuru mapafu. Ukifika msasa laini, wa 240 na kuendelea, sugua kwa maji, vumbi lisiruke.

nakshi_na_runi:

Fundi kamaliza ya sauti, mimi niongeze ya runi, kwa sababu wengi hukosea hapa.

Alfabeti ya runi 24 ndiyo ya zamani zaidi. Ndiyo iliyokuwa kwenye moja ya zile pembe mbili za dhahabu za Gallehus, Denmark, zilizopatikana mwaka 1639 na 1734. Maandishi yake yalisema mtu aitwaye Hlewagastiz ndiye aliyeitengeneza pembe. Inakadiriwa ni ya kama mwaka 400, karne nne kabla ya Wavikingi. Inaniuma kila nikikumbuka kuwa mwaka 1802 mwizi aliziiba zote mbili akaziyeyusha.

Wavikingi wenyewe walitumia runi 16. Kwa hiyo alama moja hubeba sauti kadhaa: P huandikwa kwa alama ya B, na E mara nyingi kwa alama ya I. Tena M inayotangulia B au P waliiacha mara nyingi. Ukifuata desturi yao kikamilifu, PEMBE yako itasomeka BIBI! Nakushauri M uiandike: ᛒᛁᛘᛒᛁ. Mistari ya runi imenyooka, inakubali kisu vizuri. Ile inayokatiza nyuzi za pembe ikate kwa mikato miepesi mingi, usilazimishe mmoja.

Kwa mnyama, mtindo wa Jelling, mmoja wa mitindo ya nakshi ya Wavikingi, unafaa: mwili kama utepe uliojikunja kwa umbo la S, wenye mistari miwili kando na vijistari katikati. Kama mkono bado haujazoea, zungushia mdomo mpana mnyororo wa pete wa mtindo wa Borre, mtindo wao mwingine. Chora kwanza kwenye karatasi, uizungushe kwenye pembe, uone mwisho unakutana na mwanzo.

kijana_wa_jukwaa:

Ncha ilikuwepo! Nimefanya kama fundi alivyosema, siku mbili nzima. Mara ya kwanza ilivuja, nikaongeza uzi na nta. Leo jioni nimebana midomo, nikapuliza kidogo tu, ikalia. Sauti ni moja, nzito, na mlango wa bati ukatetemeka. Dada wa nakshi, nimeshachora mnyororo wa Borre. Pete 11 zinazunguka zikakutana. Runi nitaandika na M.

fundi_wa_msasa:

Safi sana. Usiichemshe tena wala kuiacha juani, itapinda na kiungo kitaachia. Na kila baada ya kupuliza isimamishe mdomo mpana ukiwa chini, mate yatoke.