Dola 9,800 kwa kijiti cha chuma kilichochafuka: wenye nyumba wa Minnesota, fanesi ikizima usiku msitie sahihi

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira ambayo siku kumi na mbili hazijaipunguza, kwa hiyo mtanivumilia. Tulinunua nyumba yetu hapa Brooklyn Park mwaka 2021 baada ya kupanga kwa miaka mingi, na kama wengi wenu nilikuwa nimepiga hesabu ya mkopo, kodi ya nyumba na bima. Kuhusu fanesi, yaani ule mtambo wa gesi unaokaa chini ya nyumba na kusukuma hewa moto vyumbani, nilijua kubadilisha chujio tu. Enzi za kupanga, fanesi ikizima ulimpigia simu mwenye nyumba, ukavaa koti na kulala nalo. Siku hizi ukimtafuta mwenye nyumba unajikuta ni wewe.

Ijumaa hiyo ya Januari nje kulikuwa na nyuzi 24 za Selsiasi chini ya sifuri. Fanesi ikaanza kuwaka, kuunguruma kwa sekunde chache, kisha kuzima. Ikajaribu mara tatu, halafu ikanyamaza. Nilipigia kampuni ya kwanza iliyopokea simu, nikaambiwa kuja kutazama peke yake ni dola 189 kwa kuwa ni usiku. Fundi alifika saa tatu, kijana mwenye heshima ambaye alivalia viatu vyake mifuko ya plastiki ili asituchafulie zulia, na ninakiri kwamba heshima hiyo ndiyo iliyonilegeza.

Hakukaa kule chini kwenye fanesi hata dakika ishirini. Alipopanda alisema kibadilisha joto, yaani zile kuta za chuma zinazotenganisha moshi wa gesi na hewa tunayovuta, kimepasuka. Alituonyesha picha ya ufa kwenye kishikwambi chake, akafunga gesi, akaning'iniza karatasi nyekundu kwenye mtambo na kumwambia mke wangu kwamba hawezi kuiacha fanesi ikiwaka penye watoto. Mtambo mpya ungekuwa dola 11,300, lakini tukitia sahihi usiku uleule ungeshuka hadi 9,800, na ile 189 ya kuja kutazama ingefutwa. Nilitia sahihi. Nililipa dola 1,000 za kwanza kwa kadi, nikamshukuru na kumsindikiza hadi kwenye gari lake, jambo ambalo kila nikilikumbuka huona aibu.

Kesho yake nilimpigia jirani yetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ambaye hufunga mabomba ya hewa kwenye majengo. Aliniuliza swali moja tu: kabla ya kuzima, moto ulikuwa unawaka au hauwaki kabisa? Nilipomwambia kwamba unawaka kwa sekunde chache kisha unakufa, alicheka, akasema, "Papa, hiyo si mashine imekufa. Angalia taa kwenye kile kidirisha, hesabu inapepesa mara ngapi." Ndani ya mlango wa fanesi kuna jedwali linaloeleza maana ya kila idadi ya mipepeso. Langu lilisema: mwali hautambuliki. Nimeishi na jedwali hilo tangu 2021 bila kulisoma.

Naomba nieleze kidogo, kwa maana hapa ndipo fedha zetu zinapopotelea. Themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto, ikiomba joto, feni ndogo huanza kutoa moshi nje, swichi ya shinikizo huthibitisha kwamba njia ya moshi iko wazi, kiwashio huwa chekundu, kisha vali ya gesi hufunguka na moto kushika. Mbele ya mwali huo kuna kijiti cha chuma, sensa ya moto, ambacho hupitisha umeme mdogo mno kupitia mwali wenyewe ili mtambo ujue kwamba gesi inaungua kweli na haimwagiki tu ndani ya nyumba. Kijiti kikishika utando, umeme ule haupiti, na mtambo hufunga gesi kwa usalama hata kama moto unawaka vizuri. Dawa yake ni kukichomoa na kukisugua taratibu kwa steelwool laini. Kikiwa kibovu kabisa, kipya huuzwa kwa chini ya dola 30.

Fundi wa kampuni ya pili, ndogo zaidi, alikuja Jumamosi mchana, akatoza dola 129 za kuja, akakagua kibadilisha joto kwa kamera, akapima karboni monoksidi, ile gesi ya sumu, kwenye hewa inayoingia vyumbani na kupata sifuri, akasafisha kijiti, akawasha. Fanesi inafanya kazi hadi leo. Kisha nilimwonyesha ile picha ya ufa ambayo kampuni ya kwanza iliniambatishia kwenye barua pepe. Aliitazama, akanikabidhi simu yangu na kunitaka nihesabu vichomeo, yaani midomo ambamo moto huwaka. Kwenye picha kulikuwa na vinne. Fanesi yangu ina vitatu.

Sisemi kwamba vibadilisha joto havipasuki. Hupasuka, na ni hatari kwelikweli, kwa sababu karboni monoksidi haina rangi wala harufu, na ndiyo maana uongo huu una nguvu: hakuna mzazi atakayebishana nao saa nne ya usiku. Lakini anayesema kimepasuka na aonyeshe ufa ndani ya mtambo wako, picha iwe na kibandiko chenye namba ya mtambo wako, na akuachie kipimo cha hewa kwa maandishi. Tena namba hiyo aitazame kwa sababu nyingine: dhamana. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 20 au zaidi kwa sehemu hii, ingawa masharti hubadilika nyumba ikiuzwa, na vipuri vingine hupata miaka 10 iwapo mtambo uliandikishwa mapema baada ya kufungwa, kwa kawaida ndani ya siku 60 au 90, la sivyo ni miaka 5. Dhamana hizo kwa kawaida hazilipi kazi ya fundi. Fanesi yangu ina miaka 14. Kijana yule hakuitazama namba hata mara moja.

Kuhusu bei, nimekusanya ankara za watu kumi na mmoja wa kanisani kwetu, na zinatofautiana kwa namna inayokera. Kubadilisha kiwashio, ambacho chenyewe hakifiki dola 100, mmoja alilipa 190 na mwingine 520. Injini ya feni kubwa, ile inayosukuma hewa vyumbani, ndiyo ghali kwa haki: ya aina ya zamani ilikuwa 450 hadi 700, na zile za kisasa zinazobadilisha kasi zilipita 1,000. Wengi wa mafundi hawa hawatozi kwa saa bali kwa kitabu cha bei cha kampuni, na baadhi yao hulipwa kamisheni kwa kila mtambo mpya wanaouza. Mtu anayepata asilimia yake fanesi yako ikifa ndiye tunayemwita aje kutuambia kama imekufa.

Wenye kipato kidogo wajue pia kwamba mpango wa jimbo wa msaada wa nishati unaweza kutengeneza au hata kubadilisha fanesi ya mwenye nyumba anayestahili, na si wa wapangaji pekee. Na tafadhali, mkingoja fundi, msiingize jiko la makaa ndani wala kuacha oveni ya gesi wazi. Najua tulikolelewa.

Sasa kuhusu dola zangu 1,000. Kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara humpa mnunuzi aliyeuziwa nyumbani kwake muda hadi usiku wa manane wa siku ya tatu ya kazi kughairi, na Jumamosi inahesabiwa. Kumwita fundi wa kutengeneza hakukuondolei haki hiyo kwa kitu kipya alichokuuzia juu ya matengenezo. Muuzaji anatakiwa kukupa nakala mbili za fomu ya kughairi. Mimi sikupewa hata moja. Niliandika barua na kuituma Jumatatu kwa posta ya kusajiliwa. Wamejibu kwamba ilikuwa dharura, kwa hiyo sina haki, na kwamba watarudisha 600 na kubaki na 400 za "kuagiza mtambo". Ili dharura iniondolee haki, ningepaswa kuandika kwa mkono wangu mwenyewe tamko la kuiacha haki hiyo na kutia sahihi. Sikuandika neno. Kanuni inawapa siku kumi za kazi tangu wapokee barua yangu kurudisha fedha zote, na zinakaribia kwisha. Malalamiko kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo nimeshayaandaa.

Aliyewahi kuonyeshwa picha ya vichomeo vinne naomba aiweke hapa, pamoja na kiasi alichotozwa, mwaka na jina la mji.