Mkanda gani wa darubini hauumizi shingo ukitazama ndege kutwa nzima?

Chiriku

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa mkanda wa darubini. Darubini yenyewe ni 10x42, yaani inakuza mara 10 na lenzi za mbele ni mm 42, kwenye mizani inasoma gramu 780 pamoja na vifuniko vyake. Mkanda uliokuja nayo ni wa nailoni, upana sm 3, na ndani una sifongo nyembamba. Baada ya saa mbili ukosi unawaka moto, na ikifika mchana maumivu yameshashuka hadi katikati ya mabega.

Nimeangalia mikanda mipana ya neopreni, ile laini inayovutika, na pia hanesi za mabega mawili. Nichukue ipi? Nabeba begi dogo la mgongoni, na darubini hiyo moja tunapokezana watu wawili. Halafu kuna jambo lingine: mkanda wa sasa unarefuka wenyewe taratibu upande mmoja, jioni nakuta darubini imelala upande.

Kigogota

Kabla hujanunua chochote, fupisha huo ulio nao. Wengi wanavaa mkanda mrefu mno. Darubini ikining'inia tumboni, kila hatua inaibembeza, ukiinama inakutangulia na kugonga mawe, na ndege akitokea una safari ndefu ya kuifikisha machoni. Simama wima uiache ining'inie: lenzi za macho ziwe usawa wa katikati ya kidari, na ncha ya chini isipite chembe cha moyo. Kisha ipandishe machoni na utazame juu kabisa, kama unamfuata mwewe utosini. Mkanda ukikukaba kabla lenzi hazijafika machoni, ongeza sm 2 ujaribu tena. Hakikisha pia unapita kichwani bila kuvua kofia.

Na usiuvae juu ya ngozi tupu. Vaa shati lenye kola, kola ikae chini ya mkanda. Ni jambo dogo, lakini jasho na msuguano vinapungua sana.

Sasa neopreni. Upana na ulaini vinatibu kitu kimoja tu, mgandamizo kwenye ngozi. Ukitoka sm 3 kwenda sm 6, uzito uleule unatandazwa kwenye eneo mara mbili, kwa hiyo ukosi hauchomi. Ila gramu 780 bado ziko shingoni, na misuli bado inafanya kazi ileile ya kuzuia kichwa kisivutwe mbele. Maumivu yako ya kwanza, ya kuwaka, ni ya ngozi. Hayo yanayoshuka mabegani ni ya misuli, na sifongo haiyafikii, iwe nene namna gani.

Kuvutika nako kunadanganya. Ukiujaribu umesimama utaona mwepesi kama hakuna kitu, kwa sababu unameza mshtuko. Tembea sasa: darubini inadunda kifuani kila hatua, na mwisho unaishia kuishika kwa mkono ili itulie. Upime hivi: jaza maji chupa ya ml 750, itundike kwenye mkanda, pima urefu wa mkanda kabla na baada. Ukirefuka zaidi ya sm 3 hivi, mimi nauacha. Mkanda mzuri wa shingo una pedi laini lakini utepe wake hauvutiki.

Kozi

Kigogota kasema kweli, ila kwa gramu 780 kutwa nzima mimi naona aache shingo kabisa. Hanesi inahamishia uzito mabegani, pale pale begi linapokaa, na darubini inatulia kifuani hata ukishuka mteremko.

Shida ni kwamba wengi wanaivaa jinsi ilivyotoka kwenye boksi, wanaichukia siku mbili, wanaitupa. Inataka kupangwa. Upande wa kushoto kuna mkanda unaopita juu ya bega, unavuka mgongoni kwenye kiraka cha ngozi au plastiki, kisha unatokea chini ya kwapa la kulia. Upande wa pili hivyo hivyo kinyume chake. Kiraka kikae katikati ya mifupa ya mabega, chini kabisa ya kile kifupa cha ukosi kinachochomoza ukiinamisha kichwa.

Kiraka kikipanda shingoni, maana yake mikanda ya kwapani imelegea. Uzito wa darubini unavuta ya juu mbele, na hakuna kinachokizuia nyuma. Kaza ya kwapani sm 1 au 2 kila upande, sawasawa pande zote. Ukiikaza kupita kiasi utajua mara moja: darubini inapanda hadi kidevuni na kugoma, au inafika machoni lakini unahisi inavutwa kurudi. Hapo legeza kidogo. Fanya vipimo ukiwa umevaa nguo unazotembea nazo kweli. Koti moja zito linakula sentimita kadhaa, na hanesi iliyopangwa juu ya fulana itakubana.

Begi linavaliwa juu ya hanesi. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuvua hanesi bila kuvua begi kwanza. Kuna wanaoondoa hanesi na kufunga darubini kwenye mikanda ya begi lenyewe kwa vipande viwili vifupi. Inafanya kazi, uzito unabebwa vizuri, lakini ukisahau na kulibwaga begi chini, darubini inakwenda nalo, tena lenzi za mbele ndizo zinazotangulia. Kwa darubini ya kupokezana nisingethubutu.

Mnandi

Nijibu hilo la kurefuka wenyewe, maana ndilo linaloangusha darubini chini. Karibu kila mara sababu ni namna utepe ulivyopitishwa kwenye bizimu.

Vua upande mmoja kabisa uanze upya. Sikio la darubini, yaani kile kitundu cha ubavuni, kwenye nyingi linapokea utepe wa mm 10. Kwanza vuta mkanda upite kwenye bizimu, kisha kwenye kile kitanzi kidogo cha kushikilia. Ingiza ncha kwenye sikio kutoka chini kwenda juu, irudishe ndani ya kitanzi, halafu irudi kwenye bizimu ikipita kati ya bizimu na mkanda wenyewe: inapanda tundu la kwanza, inavuka kijiti cha katikati, inashuka tundu la pili. Ukimaliza, ncha iwe imelaliwa ndani, upande wa darubini, huioni kwa nje. Ikiwa inaonekana nje inapepea, umepitisha vibaya.

Kosa lenyewe ni kupitisha tundu moja tu. Ukivuta kwa mkono inashika, unaridhika, lakini mtikisiko wa kutembea unaitoa milimita kwa milimita. Upande mmoja ukikosewa na mwingine ukawa sawa ndiyo unapata hiyo darubini iliyolala. Bakiza ncha ya sm 5 baada ya bizimu. Wengine wanakata ikabaki sm 1 ili ipendeze, kisha siku utepe ukiteleza kidogo tu hakuna cha kuuzuia.

Utepe wenyewe pia ukague. Nailoni hufyonza maji na kulegea kidogo ikilowa, kwa hiyo baada ya mvua kagua urefu tena. Poliesta hailegei kiasi hicho. Ukikunja utepe wa zamani na kuona nyuzi zimechanua kama manyoya pale unapokunjika kwenye sikio, huo umekwisha, badilisha. Pindo la sikio lina ukali wa plastiki au chuma na hapo ndipo unapolika. Usikate ncha mpaka umetumia wiki nzima na kuridhika na urefu. Ukikata, pitisha ncha karibu na moto wa kiberiti sekunde moja au mbili, nyuzi ziyeyuke zishikane. Usiibonyeze kwa kidole, nailoni iliyoyeyuka inang'ang'ania ngozi ikiungua. Ncha ya pamba au ngozi haiyeyuki, hiyo inashonwa.

Chiriku

Mnandi, asante sana. Upande wa kulia kweli ulikuwa umepita tundu moja. Nimefupisha pia kama alivyosema Kigogota, sasa lenzi za macho ziko kifuani na siyo kitovuni.

Kozi, hanesi nimekuelewa. Kinachonisumbua ni kupokezana. Ndege kakaa sekunde kumi juu ya tawi, mwenzangu anataka kuona, nitavua hanesi saa ngapi?

Kozi

Huvui hanesi, unachomoa darubini. Chukua hanesi yenye klipu za kuachia haraka, moja kila upande. Lakini zipange kwa kupishana, hapa ndipo watu wanapokosea: kwenye sikio la kushoto la darubini iache klipu dume, ile yenye meno, la kulia jike, ile inayoyapokea. Mikanda ya hanesi iwe kinyume chake. Faida yake ni hii: ukichomoa, vile vipande viwili vifupi vinavyobaki kwenye darubini vinaingiana vyenyewe na kuwa mshikio. Mwenzako anapitisha mkono humo, darubini haimponyoki. Ukiweka dume pande zote mbili unabaki na vipande viwili vinavyoning'inia mbele ya lenzi, na mtu aliyeishika bila mkanda wowote.

Klipu iingie hadi usikie kachu. Kisha ivute kwa nguvu kila mara kabla ya kuiachia darubini, bila kukosa. Chembe moja ya mchanga ikikaa ndani ya jike, jino moja linaingia na la pili linabaki nje. Klipu itaonekana imefunga, itabeba darubini dakika kumi, kisha itaachia. Zioshe kwa maji safi ukitoka ufukweni au penye vumbi.

Pete za chuma za kuunganishia sizipendi. Zinakwaruza mpira wa darubini na zinatoa mlio kila hatua, na ndege wanausikia. Ukilazimika kuzitumia, weka kipande cha ngozi kati ya pete na darubini.

Kigogota

Kuna njia ya tatu ambayo haijatajwa, nayo ni kuvaa mshazari, mkanda ukipita bega la kushoto na darubini ikikaa ubavu wa kulia. Kwa kupokezana ndiyo nyepesi kuliko zote, unauvua kwa mkono mmoja. Ila hautoki kwenye mkanda wako wa sasa, ni mfupi. Pima kwa kamba: ianzie mbavu za chini, ipande bega la upande wa pili, irudi ulipoanzia. Kwa watu wazima wengi inatoka kati ya sm 120 na 150.

Zingatia pedi. Kwa mkanda wa shingo, pedi yenye mpira usioteleza ni nzuri. Kwa mshazari ni balaa, kwa sababu ukipandisha darubini mkanda lazima uteleze juu ya bega. Usipoteleza unavuta shati na kola yote pamoja nao. Hapa taka utepe mlaini, bapa, upana sm 4 hivi, bila mpira. Na badilisha bega mchana. Uzito uko upande mmoja, na begi juu yake, bega moja litalalamika.

Kasoro yake ni kwamba ukiinama au kupanda jiwe darubini inazunguka kuja mbele. Kwa njia tambarare hutaiona. Kwa vilima, Kozi kashinda, hanesi haina mpinzani.

Mnandi

Naongezea kifuniko cha mvua, kile cha lenzi za macho, maana ukibadilisha mkanda huwa kinasahaulika. Kipitishe kwenye utepe wa kushoto peke yake. Kikifungwa pande zote mbili, unapopandisha darubini haraka kinabaki katikati ya macho na lenzi, na ndege ameshaondoka. Kwa klipu za Kozi, kikae kwenye kile kipande kifupi cha upande wa darubini, ili ukichomoa kiende nayo.

Kabla ya kuagiza klipu pima sikio kwa rula. Mm 10 inaingia kwenye nyingi, lakini kuna zenye tundu dogo la mviringo linalotaka kamba nyembamba. Darubini za kampuni ya Swarovski, aina ya EL za FieldPro na NL Pure, zina viunganishi vyao vya kuzungusha, hizo hazipokei utepe wa kawaida bila adapta.

Dawa ya mbu yenye DEET pia iangalie. Inaharibu ngozi, mpira, spandeksi na plastiki nyingi. Nailoni inahimili. Ukijipaka, futa viganja vizuri kabla ya kugusa darubini, na ukosi usiupake mahali mkanda unapokaa. Jasho nalo linaacha chumvi inayokausha na kukwaruza. Mara moja kwa mwezi vua mkanda wote, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, uanike kivulini. Wakati wa kuurudisha, anza hatua za bizimu mwanzo mpaka mwisho, kisha tundika chupa ya maji ya lita moja usiku kucha kabla ya kutundika darubini. Weka alama ya kalamu pale utepe unapoingia kwenye bizimu. Asubuhi alama ikiwa imesogea, hata mm 2, fungua upitishe upya.

Chiriku

Sawa wakuu. Naagiza hanesi yenye klipu za mm 10, dume kushoto jike kulia. Mkanda wa shingo naubakiza na kuuwekea klipu zilezile, ili mwenzangu akiwa na zamu ndefu auvae huo.

Kozi

Hapo umepata. Angalia tu klipu zote ziwe za aina moja. Dume la kampuni moja linaweza kuingia kwenye jike la nyingine, likalia kachu, lakini likawa na nafasi ya kucheza ndani. Zivute, zizungushe. Zikiyumba, usichanganye.